Jinsi ya kulisoma kanisa la baroko la wakoloni, kwa wanaopeleka wageni makanisa ya zamani huku Moshi na Arusha

Wadau mnaoongoza wageni, hii naandika kwa ajili yenu, ila hata kama we ni mwanakwaya tu au mwalimu wa historia karibu usome. Mgeni akishuka mlimani huwa anabakiwa na siku moja au mbili za kupumzisha miguu, wengine wanaenda Chemka kuogelea, wengine Materuni kwenye maporomoko na kahawa, na kuna wale wanaotaka kuona kanisa la zamani, basi unawapeleka Kilema au Kibosho. Sasa akiwa ametoka Brazil au Mexico au Ecuador, au ni Mgoa (mtu wa Goa, India), swali litakuja tu: hili kanisa ni baroko? Kuna wanaojibu ndio haraka haraka ili mgeni afurahi. Jibu sahihi ni hapana, na ukijua kwa nini ni hapana utakuwa na maneno ya kumwambia kuhusu kanisa la kwao na la kwetu pia, na huyo mgeni hatakusahau.

Baroko ni staili ya ujenzi na uchoraji iliyoanza Roma mwishoni mwa miaka ya 1500, ikatawala miaka yote ya 1600 na kuingia mbali sana kwenye 1700. Kuielewa inabidi ukumbuke kilichokuwa kinaendelea. Waprotestanti walikuwa wameshajitenga, na Kanisa Katoliki likakaa kwenye Mtaguso wa Trento kuanzia 1545 mpaka 1563 kupanga namna ya kujibu. Mojawapo ya majibu ilikuwa picha na sanamu zibaki, na zifanye kazi: mtu asiyejua kusoma aingie kanisani aelewe kwa macho na aguswe moyo. Wajesuiti, shirika la mapadri Wakatoliki, wakajenga kanisa lao la Gesù pale Roma, lilianza 1568 likatabarukiwa 1584, ukumbi mmoja mpana bila safu za nguzo za kuziba macho, ili kila aliyekaa aone altare na amsikie padri kwenye mimbari. Hiyo ramani ndio ikapanda meli. Wareno wakaipeleka Goa na Brazil, Wahispania wakaipeleka Mexico, Quito (Ecuador), Cusco (Peru) na Manila (Ufilipino). Ukishika hilo tu umeshapata nusu ya kazi, kwasababu kila kitu utakachokiona kwenye kanisa la namna hiyo, nguzo zilizosokotwa, dhahabu, malaika wanaoning'inia darini, mwanga unaoingia kutokea juu, vimewekwa ili mtu apigwe na butwaa halafu aamini.

Sasa tuanze kazi yenyewe.

Kitu cha kwanza kabisa ni mwaka. Usiangalie urembo kabla hujajua mwaka. Kanisa la baroko la wakoloni litakuwa limejengwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1500 na mwanzoni mwa miaka ya 1800. Huku kwetu mapadri wa Roho Mtakatifu walipanda Kilimanjaro mwaka 1890 wakitokea pwani, na ndio misheni ya Kilema ikazaliwa kutokana na safari hiyo, Kibosho ikafuata 1893, mwaka huohuo Walutheri wa Leipzig nao wakaingia Machame. Kufikia hapo baroko huko Ulaya ilishakuwa habari ya mababu, wajenzi wa makanisa wakati ule walikuwa wamerudia staili za zamani zaidi, zile za matao ya mviringo na zile za matao yaliyochongoka juu. Kwahiyo mmisionari alipochora kanisa la Uchagani alichora kile alichokizoea kwao, na baroko haikuwemo.

Ila chunga hapa. Mwaka wa misheni na mwaka wa jengo ni vitu viwili. Misheni nyingi zilianza na kibanda cha udongo na nyasi, likaja jengo la pili, halafu hili la mawe unaloliona leo likawa la tatu huko. Ukiona bango getini limeandika mwaka, uliza ni mwaka wa nini: wamisionari kufika, jiwe la msingi, au kutabarukiwa? Na huko kwenye baroko mambo ni hivyohivyo, tena zaidi. Kanisa la Wajesuiti la Quito, La Compañía, lilianzwa 1605 na likaja kukamilika 1765, yaani miaka 160, waliochimba msingi hawakuona hata wajukuu wao wakimaliza. Na baada ya kukamilika Wajesuiti wakalifaidi miaka 2 tu, maana 1767 mfalme wa Hispania aliwafukuza kwenye makoloni yake yote. Ukimwambia mgeni kanisa fulani ni la mwaka fulani, sema na mwaka wa nini.

Ukishapata mwaka, usiingie ndani. Rudi nyuma, simama mbali, kama kuna kiwanja nenda mpaka mwisho wa kiwanja, angalia uso wa mbele wote kwa mkupuo. Wageni wengi wanakimbilia mlangoni na simu mkononi, wewe wazuie kwa upole dakika tano.

Kwenye uso wa mbele unatafuta mambo matatu manne hivi. Jiwe ni la wapi. Minara ni mingapi na inalingana? Kuta ni nene kiasi gani? Na wamechonga nini?

Jiwe linasema sana. Bom Jesus ya Goa, lililoanza 1594 na kutabarukiwa 1605, ni la jiwe jekundu linalopatikana kulekule. Leo linaonekana wazi bila plasta na watu wanapiga picha wakidhani ndivyo lilivyozaliwa, kumbe plasta iliondolewa miaka ya 1950, na jiwe lile ni laini, mvua ya kule inalila taratibu. Kwahiyo ukiona jiwe tupu popote, uliza kama lilikuwa tupu tangu mwanzo. La Quito limechongwa kwenye jiwe la volkano la kijivu, na hapa mtu wa Moshi ana cha kuongea kwasababu sisi tumekaa juu ya volkano, jiwe letu nalo ni la mlima. Mwonyeshe mgeni jiwe la ukuta wa kanisa, halafu mwonyeshe jiwe la mfereji au msingi wa nyumba ya jirani, atajionea mwenyewe kama ni ndugu moja.

Minara: ukiona mmoja mrefu na upande wa pili pametulia, usiseme wamependa iwe hivyo mpaka umeuliza. Kanisa kuu la Goa, Sé, lilianza 1562, lilikuwa na minara miwili, mmoja ukaanguka 1776 na haukurudishwa tena. Leo ukilitazama kwa mbele linaonekana kama limeelemea upande mmoja, na hilo pengo lenyewe ni historia.

Unene wa kuta ndio somo ninalolipenda kuliko yote kwasababu linaonyesha staili ikigonga ardhi na kubadilika. Kule Ufilipino matetemeko ni mengi, na Wahispania walivyojaribu kujenga marefu kama kwao yakawa yanaanguka. Wakajifunza. Kanisa la Paoay ukiliona kwa pembeni lina mihimili minene ya kuegemea ukuta, imetoka nje na kushuka kwa ngazi ngazi, na mnara wa kengele wameujenga peke yake mbali na kanisa ili ukianguka usiwaangukie waumini. San Agustín ya Manila ilimalizika 1607 na bado imesimama pamoja na matetemeko yote yaliyopita hapo na vita iliyovunja mji mzima kuzunguka. Watu wa Arusha mnaokumbuka 2007 jinsi nyumba zilivyokuwa zinatikisika wakati Oldonyo Lengai inaamka mnaweza kulielezea hili kwa hisia kabisa. Basi na sisi tukifika kanisa la zamani tuangalie: kuta zina unene gani pale dirishani, pima kwa mkono wako, kuna mihimili ya nje, mnara umeshikana na kanisa au umesimama pembeni?

Na michongo. Hapa nenda polepole sana, maana ndipo utakutana na watu wasioandikwa. Mchoro ulitoka Ulaya, padri akausimamia, lakini patasi ilikuwa mkononi mwa mtu wa hapo, na yule mtu alichonga anachokijua. Miagao, Ufilipino, kanisa lililomalizika 1797, juu mbele kabisa amechongwa Mtakatifu Kristofa amembeba Mtoto Yesu, ila ameshikilia mnazi, na pembeni kuna mipapai na mipera. Mtu wa pwani yetu akiiona picha ile atahisi ni Tanga. Kwenye kanisa kuu la Cusco kuna mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Marcos Zapata, mchoraji mwenyeji, na kwenye sahani katikati ya meza kuna mnyama wa kwao mdogo wa kufugwa, jamii ya simbilisi, ambaye watu wa Andes wanamla kwenye sherehe. Mexico, kijiji cha Santa María Tonantzintla, ukiinua macho ndani ya kanisa dogo tu unaona kuta na kuba zimejaa matunda, mahindi na malaika wenye sura za Waindio, yaani wenyeji wa asili wa Amerika, na manyoya kichwani. Hakuna padri aliyetoka Hispania na huo mchoro mfukoni.

Kwahiyo kila mara jiulize: hapa mkono wa mwenyeji uko wapi? Hata kwenye kanisa letu la Uchagani lisilo na michongo mingi mkono huo upo. Upo kwenye namna jiwe lilivyokatwa, kwenye mbao za milango, kwenye viti, kwenye kitambaa cha altare. Uliza.

Swali linalofuata watu wengi wanalikwepa na mimi naona ni kosa kulikwepa. Kanisa limesimama juu ya nini? Ardhi ilikuwa ya nani na waliipataje?

Cusco ndio mfano mkali. Wahispania walivyouteka mji wa Wainka, Wadominiko walipewa Coricancha, hekalu la jua lililokuwa limefunikwa mabamba ya dhahabu, wakajenga kanisa na nyumba ya watawa juu yake. Mwaka 1950 likaja tetemeko kubwa, sehemu ya jengo la Wahispania ikabomoka, na kuta za Wainka zikabaki zimesimama vilevile, watu wakaziona upya. Mawe yamekatwa kwa ustadi mpaka hayahitaji udongo wa kuyashikisha. Mgeni wa Peru anaijua hii habari tangu shule ya msingi. Sasa akikuuliza na hapa je, unamjibu nini?

Mwambie historia ilivyo. Kibosho ilikuwa chini ya Mangi (chifu wa Wachaga) Sina, na Februari 1891 Wajerumani wakiongozwa na Wissmann walimshambulia na kumshinda. Miaka 2 baadae misheni ikafunguliwa. Hizo tarehe mbili zikae pamoja kwenye maelezo yako, usizitenganishe, mgeni mwenyewe ataunganisha. Arusha nako, mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri kule Meru, na Wajerumani wakajibu kwa vita ya adhabu iliyowaumiza sana Wameru na Waarusha. Zanzibar ni habari nyingine tena, kanisa la Waanglikana la Mkunazini lilianza kujengwa 1873 pale soko la watumwa lilipokuwa, mwaka huohuo soko lilipofungwa, na altare ikawekwa mahali pa kuchapia watu kama inavyosimuliwa pale. Mahali patatu, historia tatu tofauti. Wazee wa parokia mara nyingi wanajua ni mangi gani au ukoo gani ulitoa kihamba (shamba la ukoo), waulize wao kwanza kabla ya kitabu.

Haya, sasa ingia ndani. Simama mlangoni usitembee, acha macho yazoee giza. Kisha fuatilia macho yako yanakimbilia wapi yenyewe. Kwenye kanisa la baroko yatakimbilia mbele juu, kwenye ukuta wa nyuma ya altare, kwasababu ule ukuta umejengwa uyavute. Wenyewe wanauita retablo, ni mbao zilizochongwa zimepanda mpaka dari, zina nguzo zilizosokotwa kama kamba, vyumba vidogo vya sanamu, na vyote vimepakwa dhahabu. Zile nguzo za kusokotwa zilipata umaarufu pale Bernini alipozitumia kwenye kile kibanda kikubwa cha shaba juu ya altare ya Mtakatifu Petro, Roma, kati ya 1624 na 1633, baada ya hapo zikasambaa dunia nzima ya Wakatoliki. Na dhahabu yenyewe usidhani ni mapande, ni dhahabu iliyopondwa mpaka ikawa nyepesi kuliko karatasi, inabandikwa juu ya mbao kipande kwa kipande. Ndio maana ukuta mzima unaweza kung'aa kwa dhahabu isiyo na uzito mkubwa.

Ila ilitoka wapi?

Hapa naomba nikae kidogo. Kanisa la Mtakatifu Fransisko pale Salvador, Bahia, jengo lililoanza 1708, ndani limejaa dhahabu kuanzia chini mpaka dari na kwenye nyumba ya watawa kuna vigae vya bluu vilivyoletwa kutoka Ureno. Wabrazil wanajivunia na wana haki. Dhahabu ya Brazil wakati ule ilichimbwa Minas Gerais, na waliochimba walikuwa Waafrika waliofungwa minyororo, na sukari iliyoutajirisha mji wa Salvador nayo ililimwa na hao hao. Brazil ilipokea karibu watu milioni 5 kutoka Afrika kwenye miaka yote ya biashara ile, kuliko nchi nyingine yoyote ya Amerika, wengi wao kutoka Angola na pwani ya Benin, na baadae hata kutoka Msumbiji hapa jirani. Kwahiyo we muongoza wageni wa Moshi unapoongea na Mbrazil kuhusu baroko yao, unaongea pia kuhusu watu waliotoka bara lako, usikae kama mtu anayesikiliza habari ya mbali.

Na hao watu hawakuishia kubeba mawe. Salvador hiyohiyo kuna kanisa la Rozari la Watu Weusi, lililoanza 1704, chama cha kidini cha watu weusi, watumwa na walio huru, walilijenga wao wenyewe kwa nguvu na michango yao, inasimuliwa walifanya kazi usiku baada ya kutoka kwa mabwana zao. Liko pale mpaka leo.

Halafu kuna Antônio Francisco Lisboa. Huyu jina lake ulishike kichwani kabisa. Baba yake alikuwa fundi majengo Mreno, mama yake alikuwa mtumwa Mwafrika. Akawa mchongaji na mchoraji wa majengo mkubwa kuliko wote wa Brazil ya kikoloni. Kwenye utu uzima akapata ugonjwa uliomharibu mikono na miguu mpaka watu wakampa jina la Aleijadinho, kilema mdogo, na kwa mujibu wa masimulizi ya baadae alifungiwa nyundo na patasi mikononi ndio afanye kazi. Kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi pale Ouro Preto, lililoanza 1766, ni kazi yake, uso wa mbele umejipinda na minara yake ni ya mviringo, na juu ya mlango amechonga jiwe la sabuni, ni jiwe laini unalichonga kirahisi likitoka ardhini. Kati ya 1800 na 1805, akiwa mzee na mgonjwa, yeye na wasaidizi wake wakachonga manabii 12 wa Congonhas, wamesimama kwenye ngazi nje ya kanisa, kila mmoja na gombo lake. Alifariki 1814. Ndani ya lile kanisa la Ouro Preto dari imechorwa na Manuel da Costa Ataíde, Bikira Maria yuko katikati ya mawingu na malaika wanaopiga vyombo vya muziki, na sura aliyompa ni ya chotara. Dari ni ya mbao, lakini kwa uchoraji wake unaona kama paa limefunguka na mbingu iko wazi. Mimi nasema mtu yeyote anayefundisha historia ya Afrika shuleni angepaswa kumtaja mtoto huyu wa mama Mwafrika, na nashangaa hatajwi.

Tukiwa bado tunaangalia juu, angalia dari kwa jicho la usalama pia. Februari 2025 sehemu ya dari ya lile kanisa la Salvador nililolitaja, la dhahabu, ilianguka na kumuua mtalii mmoja, wengine wakaumia. Mbao za miaka 300, joto, unyevu na mchwa. Makanisa yetu ya miaka mia na kitu nayo ni ya mbao juu, na mchwa wa huku mnawajua. Ukiona doa la maji, mbao iliyolegea, unga unga wa mchwa sakafuni, hamisha wageni wako pale na umwambie katekista au paroko siku hiyohiyo. Hiyo ni sehemu ya kazi ya kuongoza.

Ndani ya kanisa la Kilutheri utasoma kitu kingine kabisa. Hapo hutafuti retablo, unatafuta mimbari na mahali pa neno, kuta zimeachwa wazi kwa makusudi. Ukishaeleza Trento na yale mabishano ya picha na sanamu, mgeni ataelewa kwa nini Kilema na Machame ziko tofauti hivyo ingawa ni mlima mmoja na miaka karibu sawa. Mimi huwa nashauri siku moja uwapeleke kote kuwili, Katoliki asubuhi na Kilutheri mchana, inafundisha kuliko maneno.

Kuna mtu atauliza, sasa mbona pwani yetu Wareno walikaa miaka mingi na hakuna kanisa la baroko? Swali zuri. Fransisko Ksaveri mwenyewe, yule mmisionari Mjesuiti aliyezikwa Goa, alipita Malindi 1542 akielekea Goa, na pale Malindi kuna kikanisa kidogo cha Wareno mpaka leo. Fort Jesus ya Mombasa ilianza 1593, aliyeichora ni Mtaliano Cairati, na Mombasa ikawa inaongozwa kutokea Goa. Ila 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka 3, ngome ikaangukia mikononi mwa Waomani, na utawala wa Wareno kaskazini ya Msumbiji ukaisha, ukiacha muda mfupi walioirudia Mombasa baadae. Mwaka huohuo wa 1698 kule Goa ndio lilikuwa linawekwa kaburi la fahari la Ksaveri ndani ya Bom Jesus, kazi ya Foggini wa Firenze, zawadi ya mtawala wa Toscana. Goa wakapata marumaru, Mombasa ikabaki ngome. Kama unataka kuona mkono wa Wareno wa kanisani karibu na sisi, nenda Kisiwa cha Msumbiji, kuna kikanisa cha Nossa Senhora do Baluarte cha 1522, ila hicho nacho kimeitangulia baroko, usije ukakichanganya.

Wagoa waliokuja Afrika Mashariki enzi za Wajerumani na Waingereza, makarani, mafundi cherehani, wapishi, walikuja na ibada ya Ksaveri mioyoni, kwahiyo ukimpata mgeni mwenye asili ya Goa mwulize familia yake ilipita wapi, unaweza kukuta babu yake alifanya kazi Moshi au Tanga.

Mambo ya adabu nayapitia haraka maana mnayajua. Piga simu parokiani siku moja kabla, usifike na gari mbili za wageni katikati ya misa. Kofia zitolewe, magoti na mabega yafunikwe, flashi ya simu izimwe hasa penye michoro. Altareni hapakanyagwi. Kuna sanduku la sadaka mlangoni, mwonyeshe mgeni bila kumlazimisha. Na usiingie ukaanza kuongea kama mwenye kanisa, tafuta mwenyeji kwanza.

Mkikutana na mzee, mpe shikamoo na jina la unakotoka kabla ya maswali, na maswali yawe ya kitu anachoweza kukionyesha kwa mkono. Sio "mzee tuelezee historia ya kanisa", hapo atakupa hotuba ya sikukuu. Mwulize, mzee haya mawe yalitolewa wapi, yalibebwaje mpaka huku juu? Chokaa ilitoka wapi? Kengele ililetwa na nani na ilipandishwa vipi? Fundi wa hii milango alikuwa wa ukoo gani? Kanisa la kabla ya hili lilikuwa upande gani? Akikujibu "babu yangu alibeba mawe ya ule ukuta" basi nyamaza umsikilize, na umwombe ruhusa kabla hujawasha kurekodi. Andika kile alichosema yeye kama alivyosema yeye, na kile kilichoandikwa kwenye daftari la parokia kiandike pembeni, visipolingana viache vyote viwili na umweleze mgeni vyote viwili.

Kama unataka kujifunza na wenzako kabla ya msimu, nendeni watu watatu wanne bila wageni, asubuhi jua likiwa chini maana ndio michongo na viungo vya mawe vinaonekana vizuri kwa kivuli chake, saa sita jua likiwa utosini ukuta wote unakuwa bapa. Beba tochi ndogo, kamba ya kupimia na daftari. Mmoja asome nje, mwingine ndani, mwingine aongee na wazee, halafu mbadilishane na mlinganishe. Aprili na Mei msiende na gari ndogo, udongo wa huko juu ukishalowa unateleza vibaya sana.